Bunduki ya Risasi Moja na Mkalimani Mwongo

Mpendwa Baba mkwe,

Juzi binti yako Rehema aliipata ile picha yako umeshika bunduki, umenuna, nami nyuma yako nimebeba koti lako. Tulicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea yenyewe. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike.

Ulipokuja kututembelea hapa Thorncliffe Park, Kanada, majira yale ya baridi, ulikuwa hujanisamehe. Siku ya harusi nilikusalimia "Sasa, mzee?" badala ya shikamoo, ukamuuliza binti yako kama huko Nakuru nilikotoka hakuna wazazi. Kwetu ulikaa wiki tatu ukitazama theluji dirishani, kila neno langu ukilijibu "Mmh." Nami, nikidhani hujui Kiingereza, nilikuwa namwambia Rehema kwa lugha hiyo, mbele yako: "Jenerali kaamka. Leo Jenerali kachafukwa."

Rehema ndiye aliyeona tangazo la maonyesho ya silaha za kale. "Mpeleke. Baba kapangusa bunduki za makumbusho miaka thelathini. Labda atachangamka."

Hukuchangamka mpaka meza ya mwisho. Pale mzee mmoja Mkanada alikuwa akiwanadia wakusanyaji bunduki ya kijeshi ya zamani, ya risasi moja: unatia risasi, unapiga, unaanza upya. Ukaomba kwa ishara uishike. Mgongo ukanyooka ghafla. Ukaigeuza, ukazisoma namba zake, ukacheka, kicheko cha kwanza tangu utue Kanada.

"Mwambie kitako si chake, ni cha bunduki nyingine. Na aliyekipaka vanishi hii akamatwe."

Mzee akanitazama kwa hamu. Wateja wake wamesimama palepale.

"Baba mkwe anasema kitako kimependeza sana," nikamtafsiria. "Hasa vanishi."

Akang'aa. "Nimeipaka mwenyewe!"

Ukanikazia macho; ndipo mpiga picha wa maonyesho alipotupiga ile picha. Kisha ukamgeukia, ukasema kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu: "Bwana, kijana huyu ni mwongo. Na mimi ndiye Jenerali."

Nilitafuta pa kujificha. Karibu yangu palikuwa na mzinga mmoja mdogo, usingenitosha.

Mwenye bunduki alikasirika. Mkabishana, mkaifungua vipande vipande, mkalinganisha namba mkiazimana miwani. Mwishowe alikubali, akaandika kwenye kadi kwamba kitako ni cha kubandika. Mteja mmoja akainunua hivyohivyo, tena akakushukuru wewe. Nyinyi wawili mkahamia meza ya jirani, kumkosoa mwingine.

Kwenye basi nilikuomba radhi. Ukaniuliza:

"Kwa nini ulimdanganya yule mzee?"

"Sikutaka aaibike, Baba. Mbele ya wateja wake."

"Kumbe una huruma," ukasema, ukitazama nje. "Rehema hakuniambia hilo."

Tangu siku hiyo ukawa unapiga simu kila Jumapili na kuniulizia mimi kwanza, mpaka binti yako akaona wivu. Rehema anamlilia baba aliyemjua tangu azaliwe. Mimi namlilia baba niliyempata nikiwa na miaka thelathini na minne, na kusema kweli, sikushiba.

Pumzika, Baba. Huku tunakutaja kila siku, na kwa Kiswahili.

Mkweo, uliyemzoea polepole