Fomu Niliyoandika Kwamba Huna Kazi

Mpendwa Mama Felista,

Jana baada ya Misa nilipita kaburini kwako kung'oa majani. Ndugu zako walikuwapo, nikashindwa kusema nililolikusudia. Basi nakuandikia barua hii, na mwingine akiisoma na aisome tu.

Unaikumbuka siku niliyorudi na fomu za mradi? Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa juzijuzi, mashamba yetu yakabaki mbali, upande wa Pito. Wazungu wa mradi waliahidi plau na maksai, nami kwa darasa langu la nne nikapewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba nikiuliza: nani mkulima hapa? Niliandika wanaume watupu. Nyumba ya kwanza ilikuwa yetu. Wewe ulikuwa unatwanga. Nikajiandika mimi mkulima, na kwenye mstari wako nikaandika, "Mama wa nyumbani, hana kazi." Hukuuliza nimeandika nini, nami sikukusomea.

Maplau yalipofika, tuliofundishwa ni sisi wanaume. Shamba letu likawa mara tatu ya lile la jembe, nikatamba, unanijua. Lakini ulezi ukiota unafanana na majani yanayousonga. Plau haliwezi kuchagua. Ni vidole tu, mtu amechutama kutwa. Vidole hivyo vilikuwa vyako, na mimba ya miezi saba juu yake.

"Baba Felista," ulisema ukijinyoosha mgongo, "hilo plau lenu mbona halijui kupalilia?"

"Plau ni la kulima, mama."

"Basi waambie wazungu wako walete na la kuinama."

Nikacheka. Nikawasimulia wenzangu kilabuni, nao wakacheka.

Siku ya tatu ya palizi binti yetu Felista alinifuata mbio kwenye mkutano wa kijiji. Nilikukuta umelala juu ya ulezi ambao ulikuwa hujaupalilia, damu imeloa udongo. Tulikubeba kwenye machela ya miti, lakini zahanati hatukuifikia. Hukupona wewe, wala mtoto. Watu waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Nilikubali upesi, Mungu anisamehe, maana neno hilo lilinipunguzia mzigo.

Mwezi uliopita sisi tulioandika fomu tuliitwa semina Sumbawanga mjini. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole, alichora sakafuni kwa chaki kazi zote za nyumba na shamba. Kazi anayofanya mwanamume, weka punje ya hindi. Mwanamke, weka haragwe. Maji, kuni, kutwanga, kupalilia, hata kupika pombe ya kuwaita majirani waje walime. Mahindi yalibaki mikononi mwetu. Maharage yakaisha, akaagiza mengine.

"Mama, hizo si kazi," mwenzangu mmoja akasema, "hizo ni desturi."

Hakubishana naye. Alitugawia zile fomu zetu za zamani, kila mtu asome ya nyumba yake kwa sauti. Nilipofika mstari wako, niliishusha fomu. Nikasema, "Mke wangu alishafariki."

"Pole sana, baba. Alikuwa akifanya nini siku hiyo?"

"Akipalilia."

Hakuna aliyecheka.

Tangu nirudi nabeba maji mwenyewe, ndoo begani. Kisimani wananiuliza, "Vipi bwana, umeolewa siku hizi?" Wacha waseme. Lakini nimechelewa, Mama Felista. Kazi zako zote zilihamia kwa mwanao, nami sikuona zikihama. Ana miaka kumi na mitatu. Mwalimu wake ameniambia anasinzia darasani, na wakati wa palizi haonekani kabisa. Ndivyo nilivyokuzika, kisha nikamweka mwanao mahali pako.

Nakuombea kila rozari, na leo naomba wewe uniombee mimi. Jumatatu tunaanza kupita tena na fomu mpya, na nyumba ya kwanza ni yetu. Nitakaa chini mbele ya Felista, nimuulize anafanya nini tangu anapoamka. Akinyamaza, nitangoja. Na nikimaliza kuandika, nitamsomea.

Pumzika, mama. Shamba la mwaka huu nimelipunguza, na palizi ni yangu.

Mumeo,
Baba Felista