Ziwa Hili Halikuchimbwa na Mtu

Élisabethville, mvua zikikaribia

Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa,

"Hii ziwa Bazungu ndiyo balichimba. Mbele yabo hapa kulikuwa pori tupu!" Hayo ni maneno ya karani Selestini, aliyoyasema nje ya kanisa mbele ya watu, mkono mfukoni. Bado yananichemsha. Lakini kwanza nikuulize: goti lako linakuacha ulale siku hizi? Mahindi yamepandwa? Sisi ni wazima. Mke wangu alivimba mguu, sasa anakanyaga.

Ziwa lenyewe ni dogo, liko mwisho wa mji, nyuma ya nyumba zetu. Wanawake wa hapa huloweka mihogo humo. Sasa wakubwa wa mji wanataka kulizungushia waya, Wazungu waendeshe mashua zao Jumapili. Wamekubali kuwasikiliza wazee wetu kwanza. Kama lilichimbwa, basi lina mwenyewe, na wanawake wataondoka. Mke wangu akilikosa, hana unga wa kupeleka sokoni.

Nikamwambia Selestini, "Shimo likichimbwa, udongo wake unawekwa mahali. Nionyeshe!"

Akacheka. "We Baba, unasoma vitabu mingi. Basi maji inatoka wapi? Muto hata moja haiingie."

Swali hilo nimelibeba mpaka nyumbani, Yaya. Miaka yote hii napanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, nasoma kila karatasi inayopita mkononi mwangu, na sikujua maji ya nyuma ya nyumba yangu yanatoka wapi.

Kisha mguu wa mke wangu ukavimba, nikabeba gunia la mihogo mwenyewe kwenda kuloweka. Niliona mahali patupu kwenye matete, nikafurahi kwamba hakuna wa kugombana naye. Siku ya kulitoa, mihogo ilikuwa migumu kama nilivyoiweka. Wanawake waliangua kicheko.

"Baba, bibi yako ataponda hii na nyundo!"

"Unawaza pale paliachwa bure? Maji ya pale iko baridi, muhogo haiwezi kulainika!"

Baridi kwa nini, na jua lote hili? Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikaingia. Nyayo zangu zikashtuka. Nikainama, nikatenganisha matete: chini kabisa mchanga mweupe ulikuwa unarukaruka, maji yanausukuma kutoka ndani ya ardhi, kama uji jikoni. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Ndipo nikamkumbuka Mjomba Kalenga. Unakumbuka alivyotusimulia safari zake za ujana, alipobeba misalaba ya shaba, fedha ya wakati ule, kutoka huku, kabla mji huu haujawa na nyumba hata moja? Alisema wabebaji walitua mizigo penye maji yanayochemka bila moto, na ukiyagusa ni baridi. Tulimcheka. Wewe ulimwita mwongo kabla yangu.

Huenda ni hapa. Huenda si hapa, chemchemi ni nyingi. Natamani kujua kuliko ninavyotamani kumshinda Selestini, na unajua namna ninavyotamani kumshinda.

Nisalimie Mama, mwambie blanketi lake litakuja na treni. Nisalimie shemeji Ngoie, mke wako, na dada yetu Monga aliyejifungua.

Sasa nasema na wewe Yaya, na wewe katekista unayemsomea barua hii. Ikunjeni, Mjomba asiisikie. Kisha mwendeeni, mmwulize: maji yale mliyaitaje? Mlitua mizigo upande gani, jua la asubuhi likiwa usoni au mgongoni? Kando yake palikuwa na nini? Msimtajie matete, msimtajie mchanga, asije akaturudishia maneno yetu wenyewe. Selestini atatafuta tundu katika kila neno, na mimi pia. Andikeni atakayoyasema yeye, hata kama yananipinga, mniletee kabla waya haujafungwa.

Mdogo wako,
Mwamba