Kipigo cha Waamuzi Uwanja wa Besiboli: Maelezo ya Mama wa Mmoja Wao

Shahidi: anajulikana kwa wote kama Mama Refa
Umri: miaka 54
Elimu: darasa la saba
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha sabuni

Mimi ni mama mzazi wa mwamuzi wa besiboli, na hilo liandike kwanza, afande, maana mabinti wa namna hiyo hawaokotwi njiani. Sare yake nimeishona mimi. Kazi yao haifanywi na mtu mmoja. Wanakuwa watatu, kila mmoja na sehemu yake ya kuangalia. Binti yangu hukaa kituo cha nyumbani, nyuma ya mpigaji, amevaa kinyago cha chuma. Ndiye anayeonekana zaidi, kwa hiyo ndiye anayetukanwa zaidi.

Mnamo Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, nilikuwa jukwaani, safu ya mbele, nyuma ya wavu. Timu ya wenyeji ilikuwa nyuma kwa pointi moja na mchezo unakaribia kwisha. Mchezaji wao alikuwa amesimama kituo cha kwanza. Mwenzake akaupiga mpira, ukaenda mbali upande wa kushoto. Mwamuzi wa kituo cha tatu akaufuata. Hapo binti yangu akavua kinyago, akaacha kituo cha nyumbani, akakimbia kuziba kituo cha tatu. Mwamuzi wa kituo cha kwanza, kijana tunayemwita Mwembamba, akaja mbio kuziba nyumbani. Watu wengi hawajui kwamba wanabadilishana hivyo. Mimi najua, binti alinifundisha kwa vifungo vya nguo juu ya meza yangu ya cherehani.

Yule wa kituo cha kwanza akazunguka vituo vyote, akajirusha kituo cha nyumbani, vumbi likatimka. Mwembamba akakunja ngumi: ametolewa, pointi haihesabiwi. Mchezo ukaishia hapo, wenyeji wamefungwa. Waamuzi wote sare moja, kofia moja, na macho ya watu yalikuwa kwenye mpira, hawakujua nani katoa uamuzi.

Kocha wa wenyeji akaingia uwanjani na gongo la kupigia mpira mkononi, akaenda moja kwa moja kwa binti yangu, aliyekuwa amerudi nyumbani na kinyago chake.

"Nani kamtoa mtu wangu?"

"Tumemtoa waamuzi, kocha."

"Nimeuliza nani!"

"Na mimi nimekujibu."

Sitaki kudanganya, nilijisikia raha. Nilimgusa mama wa pembeni nikamwambia, "Umemsikia? Wangu huyo."

Kocha akampiga binti ngumi ya uso. Alipoanguka akamkanyaga mkono. Nilisikia mwanangu akilia kama alivyolia akiwa mdogo.

Nikaushika wavu, nikapiga kelele: "Mwache mwanangu! Si yeye! Ni yule mwembamba!" Na kidole nikanyoosha.

Kocha akageuka. Mwembamba alikuwa kwenye benchi la maji, ametupa mgongo, mkononi ana kikombe tu. Kocha akatembea mpaka pale, wala hakukimbia, akampiga gongo la kisogo. Alipokuwa chini akampiga la mdomo. Meno niliyaona kwenye mchanga. Binti yangu akaja anatambaa, akamlalia mwenzake, na gongo la tatu likatua mgongoni kwake. Ndipo wachezaji walipomkamata kocha.

Nasikia kocha ameandikisha kwamba Mwembamba ndiye aliyemfuata na kinyago cha chuma, naye akajitetea. Si kweli. Mwamuzi wa kituo cha kwanza havai kinyago, wala hakumfuata mtu. Kocha ndiye aliyemfuata, na alijua amfuate nani kwa sababu nilimwonyesha. Walioketi nami jukwaani wanasema hawakunisikia nikipiga kelele. Wananihurumia. Binti yangu amelazwa jirani na kitanda cha mwenzake, ambaye hajazinduka. Tangu juzi hanisemeshi, ila leo asubuhi kaniambia, "Mama, nenda kaseme."

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda, bila kulazimishwa wala kuahidiwa kitu. Neno langu la pale kwenye wavu liachwe kama lilivyo.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari mpokeaji: Nimemsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Nilimweleza kuwa yuko huru kwenda. Aliniuliza kama mama yake Mwembamba yuko hospitali saa hizi. Nilimjibu kwamba yupo, hajaondoka tangu Jumamosi. Shahidi akashukuru, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Ninapofunga maelezo haya bado amekaa kwenye benchi la mapokezi.