Viti vya Chupa Havitoki Sebuleni

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko ughaibuni. Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Sisi huku tu wazima. Mama anatembea hadi uani bila mkongojo, na ulimi wake ndio mzima kutushinda sote.

Sasa tuseme kweli, maana mficha uchi hazai. Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza sote, simu ikiwa juu ya meza. Umeagiza "takataka za Dada" ziondolewe kabla wakwe watarajiwa wa kitindamimba wetu hawajaja kuposa, na chumba ninachofanyia kazi kifungwe moja kwa moja. Nimekusikia. Jibu langu ni hapana.

Shemeji yetu fundi magari, mwepesi wa kutii kuliko kufikiri, alikuja kesho yake kutekeleza amri. Akakuta mifuko ya plastiki imeanikwa kwenye kamba. Nilikuwa nimeiosha kwa sabuni na kuipanga rangi kwa rangi, maana mfuko wenye mafuta hauvutiki ukawa uzi wa kufumia. Yeye akadhani imeletwa na upepo. Upepo gani huo, ndugu yangu, unaobana na vibanio vya nguo? Akaikusanya, akaitia moto.

Myekundu yote ikateketea, nayo ndiyo adimu. Moshi mweusi ukaingia kwa majirani, watoto wakashinda wakikohoa. Hebu nieleze, wewe msomi: kati yangu na shemeji, nani alichafua mtaa? Anayetupa huitwa mstaarabu, anayeokota huitwa kichaa. Nimesoma vitabu vingi na kugombana na magazeti mengi zaidi, lakini sijaona ujinga uliovaa tai vizuri kama huo.

Mifuko ile ilikuwa ya pazia la zahanati, la kuwasitiri kina mama wanapopimwa. Nililifuma hata hivyo, kwa ile ya bluu na nyeupe iliyonusurika moto, na lile donge la myekundu iliyoyeyuka nikalishona katikati, likae kama jua lililoungua. Mkunga alipoliona akauliza, "Na hapa pana nini?"

Nikamjibu, "Hapo pana shemeji yangu."

Wajawazito waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko. Mmoja akashika tumbo: "Shangazi, niache! Nitazalia hapa hapa!"

Kuhusu aibu. Unasema wakwe watatucheka wakiona viti vyangu. Viti hivyo nimevitengeneza kwa chupa za maji nilizozishindilia vifungashio hadi zikawa ngumu kama gogo, nikazifunga pamoja, nikazivisha kifuniko cha kufuma cha rangi rangi. Mama haketi pengine. Makochi uliyotuletea, anasema, humnyonya kama tope, na kuinuka mpaka avutwe na watu wawili. Nani basi katununulia takataka?

Lakini anayeposwa si mimi wala wewe. Kwa hiyo nilimwita kitindamimba tukakaa wawili, nikamwambia, "Ukitaka nivifiche, sema. Kwako nitavificha bila kinyongo." Alikuwa anajisuka nywele, hata kioo hakukiacha.

"Dada, wakinikataa kwa ajili ya kiti, watakuwa wameniokoa mapema. Wewe weka. Mimi nitakalia kile chenye mistari."

Usifikiri sikupendi. Najua unajibana huko ili huku tuonekane watu. Ila sisi ni watu tayari, na sikubali kazi ya mikono yangu ifungiwe kama mgonjwa wa kuficha kila mgeni anapobisha hodi.

Basi chumba cha nyuma hakifungwi. Makochi yako nimeyahamishia humo. Yananifaa sana kuwekea mifuko. Sebuleni kumebaki viti vya chupa peke yake. Wakwe watakalia hivyo, na wewe ukija utakalia hivyo. Ukiona haya, sakafu ipo, nimeifagia.

Msalimie sana wifi yangu na uwabusu wanao. Mama anakusalimu na anakuombea. Kitindamimba anakusalimu. Shemeji naye anakusalimu, ingawa hajanituma. Mwenyezi Mungu akulinde na baridi, na akurudishe kwetu ukiwa na afya na masikio yanayosikia.

Mimi nikupendaye hata ukininunia,
Dada yako.