Gome la Mukenea na Uongo Wako

Kwako Mutuku, uliyekuwa mchumba wangu,

Hali yako siulizi. Naandika waziwazi kwa sababu wewe uliongopa waziwazi.

Unakumbuka nilipokupeleka Masinga kwa susu, nyanya yangu? Ulivaa koti jeupe la maabara, kana kwamba mbuzi wangekuomba dawa. Susu alikubandulia gome la mukenea upande mmoja tu, mti usije ukakauka. Akakwambia, "Hii inasaidia kikohozi, mwanangu. Kidonda kikioza, enda hospitali." Ukaitikia kwa kichwa ukiandika. Sijui uliandika nini.

Tuliporudi chuoni Machakos tulichemsha gome, tukalowesha vijikaratasi kwa maji yake na kuviweka juu ya bakteria tuliowaotesha kwenye sahani. Kesho yake, pale bakteria walipokufa palikuwa na duara jembamba kama ukucha. Mimi nilifurahi: dogo, lakini la kweli. Wewe ulinuna. Siku mbili baadaye ukaniletea sahani yenye duara pana kama kifuniko cha soda. Nikarudia jaribio peke yangu mara tatu. Duara likabaki la ukucha. Kisha nikaona kwenye pipa la taka maganda ya kapsuli za antibiotiki. Unga wake ulikuwa umeumwaga ndani ya dawa ya susu.

Nilipokuuliza ulicheka. "Kwani wewe hutaki tutoboe maishani? Nani atajua?"

Ukawaita walimu ukumbini waione sahani yako, ukamleta na susu akiwa na leso yake mpya, kama pambo. "Susu, waambie inatibu vidonda vyote."

Susu alisimama. "Mimi sijasema hivyo. Nilisema kikohozi."

Nikaweka sahani zangu tatu kando ya yako, pamoja na maganda yale. Ulitoka kwa mlango wa nyuma. Hata mkono hukumpa susu.

Sasa nasikia uko Athi River, unauza chupa za dawa hiyo na kuitwa daktari. Wiki jana mwanamke mmoja alinijia na chupa yako mkononi, mguu wake umeoza hadi unanuka. Alikuwa amekuamini miezi miwili. Nilimpeleka hospitali mwenyewe; mguu umeokolewa, vidole viwili vimekatwa.

Na mimi niliwahi kukupenda. Hiyo ndiyo sehemu inayonitia aibu.

Jina lako nimewapelekea wakaguzi wa dawa, nimeliandika kwa herufi kubwa wasikosee. Usinijibu.

Ni mimi,
ambaye ulidhani ningenyamaza kwa kuwa nilikuwa mchumba wako