Mzee Ameenda Kutembea

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla simu haijalia tena, maana uongo umeniishia. Mume wangu ni koplo, yuko kwenye operesheni, na sisi wake tunaoishi kota za kambini tuna sheria yetu, kwamba aliye mstari wa mbele hapelekewi habari mbaya, akiuliza mwambie nyumbani kwema hata kama paa limeondoka na upepo, kwa hiyo baba yake alipopatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja na kauli ikapotea, mama mkwe alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mwenye bunduki hatiwi wasiwasi," nami nikatii, na tangu hapo kila mume wangu akipiga na kusema, "Hebu mpe mzee simu," namjibu mzee ameenda kutembea, mpaka juzi akacheka, "Huyu mzee anatembea kuliko sisi askari wa miguu," na sasa anarudi likizo Ijumaa, anataka kumnunulia viatu vya kutembelea, akaniuliza namba, nami nikamtajia. Jirani yangu, mke wa sajini, anasema ninyamaze, atakuja kujionea mwenyewe, na mama mkwe anasema vivyo hivyo, lakini mshauri, mtandao hapa kwetu unashika dirishani pa chumba cha mzee tu, na kila nikisema ametoka kutembea, mzee hugeuza uso ukutani. Nifanyeje?

Mke wa Koplo

*

Mke wa Koplo, pole. Kumlisha mgonjwa, kumgeuza, halafu uchangamke kwenye simu, hiyo nayo ni kazi ya jeshi, ila haina cheo.

Sasa nikugombeze. Sheria yenu ina busara kwa mtu aliye vitani. Huyu anarudi nyumbani, nanyi mnataka avuke kizingiti na viatu mkononi akutane na kitanda? Adui hajamtega hivyo. Na huyo mke wa sajini anayesema ajionee mwenyewe, si yeye atakayefungua mlango.

Nenda kwa afisa ustawi wa kikosi, umwombe mumeo apewe nafasi ya kuzungumza nawe akiwa ameshakabidhi silaha, na mwenzake mmoja awe karibu. Habari yenyewe iseme wewe. Usimfanye afisa kinywa chako. Mumeo atafoka. Mwache afokee huko, ili mlangoni afike na huzuni peke yake. Mama mkwe usimwombe ruhusa. Mpe taarifa, kwa adabu.

Umeniuliza habari za mumeo, lakini mimi nimemwona mwingine hapo ukutani. Kiharusi kimechukua kauli ya mzee, masikio kimemwachia. Amelala anasikia anavyotembezwa, na mwanawe anavyofichwa asijue. Ukishasema kweli, mwekee mzee simu sikioni, utoke chumbani. Mwana atasema, baba atasikia, inatosha kwa kuanzia.

Viatu usivikatae. Anayejifunza kutembea upya ndiye hasa anayevihitaji.