Kufuli la Programu ya Kwaya

Jumanne, 24 Machi 2009

Mazoezi ya kwaya. Theluji inayeyuka, viatu vya watu wote vimeloa, korido ya ukumbi wa parokia inanuka soksi.

Leo kichwa kimenivimba kwa dakika tano. Wakati wa kahawa Ingegerd, mwalimu wetu wa kwaya, kawaambia alto wageni: nendeni mkajifunze nyumbani kwa Stämma, programu aliyoitengeneza Ylva wetu, huyu huyu mnayemwona anafakamia maandazi! Watu wakacheka. Nikajitia kuona haya. Miaka saba nimekaa na hiyo programu. Unachagua sauti yako, inakuimbia hiyo peke yake, unairudia mpaka ikukae.

Kisha Ingegerd akafungua kompyuta yake awaonyeshe. Akabonyeza mara moja — ikafunguka.

Ala! Stämma haifunguki hivyo. Kwanza inadai namba ya leseni, halafu inauliza ofisini kwetu kwa njia ya intaneti kama namba ni halali, ndipo ifunguke. Inachukua karibu dakika nzima. Na ukumbi wa parokia hauna intaneti hata ya dawa.

Nikamuuliza kaitoa wapi. Hakuona aibu hata kidogo. "Mtandaoni, kule wanakopakua kila kitu. Lakini tulinunua, bibi wee! Karatasi ya leseni iko kwenye droo. Hiyo ya kununua hapa haifunguki, sasa tufanyeje?" Soprano wawili wakadakia kwamba na wao wanayo hiyo hiyo, tena ni nyepesi. Nikachukua andazi la pili.

Hilo kufuli la leseni lilikuwa wazo la Torkel, mwenzangu wa kampuni. Lakini mikono iliyolitengeneza ni yangu.

Jumatano, 25 Machi

Nimemwambia Torkel. Kampuni nusu yake, nusu yangu, hakuna wa tatu. Yeye anauza, mimi naandika programu. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Ndiyo maana mauzo yamekufa tangu Krismasi, anasema, na mambo yakienda hivi tutafunga ofisi kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi.

Nikasema labda kufuli lenyewe ndilo linalofukuza watu.

"Kufuli linafukuza wezi!"

Wezi gani, nikamwambia, wezi wa miaka sitini na nane wanaoimba soprano! Tukapigizana kelele mpaka fundi wa meno wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kisha tukaombana radhi. Kisha tukaanza upya.

Alhamisi, 2 Aprili

Sheria mpya imeanza jana. Mwenye kazi iliyosambazwa bila ruhusa anapeleka ombi mahakamani, mahakama ikiridhika, kampuni ya intaneti inalazimishwa kumtaja aliyeisambaza. Redioni wanasema watu wameogopa, matumizi ya intaneti nchi nzima yameshuka kwa theluthi moja kwa siku moja tu. Torkel aliongeza sauti ya redio akatabasamu peke yake.

Tayari ana namba ya mtandao ya kompyuta iliyopakia nakala ya kwanza. Ni namba tu. Jina hatuna.

Jumapili, 5 Aprili

Leo nimeifumua ile nakala ya mtandaoni iliyovunjwa kufuli, nione ilivunjwaje. Kutwa nzima, na nguo za kulalia.

Kazi safi! Sikutaka kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Aliyeifanya hakuvunja kwa nyundo. Amelitoa kufuli kama mtu anayetoa mwiba, kila kitu kingine kiko mahali pake. Sasa inafunguka mara moja, na haimbughudhi mtu. Ile ya kulipia, tunayomuuzia mtu mwaminifu, ndiyo mbovu. Nimekaa nikiitazama hasira zikanipanda — sijui namkasirikia nani.

Halafu nikaona jingine. Tenor. Wimbo ukirudi kwenye kiitikio, tenor wa Stämma huchelewa nusu pigo. Kosa la zamani, miaka miwili nimelitafuta sikulipata, nikaliacha. Nani anawajali tenor? Huyu amelirekebisha.

Mwizi gani anarekebisha sauti ya tenor?

Mtu mmoja tu duniani alikuwa akinilalamikia kuhusu hiyo nusu pigo. Husimama nyuma yangu kila Jumanne. Sture. Tenor, miaka sabini na moja, fundi simu mstaafu. Mungu wangu.

Jumanne, 7 Aprili

Leo zamu ya kahawa ilikuwa ya Sture. Maandazi yake ya iliki, laini, na biskuti aina tatu. Nilikula kwa taabu. Baadaye nikajitolea kuosha vikombe naye.

Nikasema, Sture, ile nusu pigo ya tenor.

Akaendelea kufuta kikombe. "Umeiona? Nilikuandikieni barua tatu."

Kumbe ndiyo. Tatu. Torkel alimjibu kwa ile barua moja tunayowajibu wote.

Hakukana lolote. Alinunua Stämma, risiti anayo. Kompyuta yake ikafa, akanunua nyingine, programu ikamkatalia. Akapiga simu ofisini, akaambiwa anunue tena. "Na huyo Torkel wako, wala hakuniambia pole! Mimi nimefungua mitambo ya simu miaka arobaini, mwanangu. Nishindwe na kikufuli?"

Nikamwambia basi ungefungua ya kwako ukatulia! Kwa nini uiweke mtandaoni?

"Soprano wote walikuwa na shida hiyo hiyo. Ningepita nyumba kwa nyumba?"

"Na watu wa Ujerumani wanaoipakua kila siku, nao ni soprano wetu?"

Akapanga vikombe, akavipangua, akavipanga tena. Akasema hakufikiria Ujerumani. Namwamini. Na bado nilitaka kumtwanga na sahani.

Sikumwambia habari za mahakama.

Jumanne, 14 Aprili

Hakuna mazoezi, wiki ya Pasaka. Nimetia sahihi.

Najiandikia hapa nisijidanganye baadaye. Torkel aliliweka ombi la mahakama mezani, sahihi yake tayari, akasema bila ya kwangu haliendi. Nilikuwa na jina mdomoni. Ningemwambia ni nani, angeenda mlangoni kwake siku hiyo hiyo. Ningekataa kutia sahihi, angeuliza sababu. Nikatia. Nikajifariji: mahakama huchukua miezi, huenda wakalikataa. Mwoga hakosi la kujifariji.

Nimefunga viambatisho mwenyewe. Programu yetu, programu iliyovunjwa, na karatasi mbili zenye namba kuu — zile zinazofungua Stämma yoyote bila kuuliza ofisini — ili jaji aweze kujaribu zote. Torkel akanisifu kwa utaratibu wangu.

Jumamosi, 18 Aprili

Jana Stockholm wamewahukumu wale wa tovuti kubwa ya kupakua. Mwaka mmoja jela kila mmoja. Dukani, kwenye foleni ya jibini, mama mmoja anasema wanastahili, mwenzake anasema basi na watengenezaji wa mashine za kopi wafungwe. Torkel amenitumia ujumbe wenye alama sita za mshangao.

Mimi nilifikiria tu Sture na bustani yake ya viazi. Atalipa nini huyu?

Jumanne, 21 Aprili

Mazungumzo ya kahawa yamechacha leo! Ingegerd aliitaja hukumu, basi. Besi mmoja, mwalimu mstaafu, akasema mtu akitunga wimbo ana haki ya kula. Ingegerd akamrukia: "Na hizo nota ulizoshika, bwana mkubwa, nani alizitoa kopi?" Lo! Kwaya nzima ikatazama chini, kila mtu na karatasi zake. Watu wakavunjika mbavu. Kisha wakanigeukia mimi: Ylva, wewe ndiye mwenye mali, sema. Nikasema mambo mawili matatu yasiyo na kichwa wala miguu, kwamba bila kuuza hakuna wa kurekebisha, na kufuli likizidi hakuna wa kununua. Wakaniitikia kwa adabu.

Sture hakucheka. Tulipokuwa tunavaa makoti akanipa bahasha.

"Nimetoka mahakamani jana. Baada ya ile hukumu nilitaka kujua kama kuna la kwangu. Karani amenitolea kopi ya kila kitu, hata jina hakuniuliza."

Ndani: ombi letu. Sahihi ya Torkel. Sahihi yangu. Halafu zile karatasi mbili za namba kuu.

Kinachoingia mahakamani ni mali ya umma! Yeyote anafika dirishani anaomba, anapewa, bila kuulizwa wewe nani. Hatukuomba kifichwe chochote. Mimi, niliyekwenda halmashauri mwaka jana kusoma faili la jirani aliyejenga roshani! Kila mtoto wa shule nchi hii anajua. Na nimezipiga chapa zile namba kwa mkono wangu, nikazifunga vizuri kwa klipu.

"Si mimi wa kwanza," akasema. "Kuna mwandishi wa gazeti ameshachukua."

Nikajaribu kusema kitu kuhusu sahihi yangu. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Akasema kwaheri kwa sauti ile anayotumia kwa dereva wa basi.

Jumatano, 22 Aprili

Nimemwambia Torkel kuhusu namba. Sikumwambia kuhusu Sture. Alikaa chini sakafuni, na suti yake. Gazeti likizichapisha, au mtu yeyote akiziweka mtandaoni, Stämma itakuwa ya bure, imekwisha. Kubadilisha kufuli zima peke yangu ni wiki sita. Hatuna wiki sita.

Nimelia kidogo chooni. Nimeosha uso, nimepiga simu mahakamani. Sasa zimefichwa, wanasema. Kuanzia leo.

Jumanne, 28 Aprili

Mazoezi ya mwisho kabla ya Valborg, usiku wa kuwasha moto na kuimba kuyakaribisha majira ya kuchipua. Sture aliimba nyuma yangu kwa muda wa saa mbili bila kunisemesha. Kwenye maegesho akanifuata.

"Kwa nini usiliondoe kabisa?"

Kitu gani?

"Kufuli. Achana na namba. Andika jina la mnunuzi kwenye ukurasa wa kwanza, herufi kubwa: Programu hii ni ya fulani. Hakuna mtu wa mji huu atakayemgawia jirani kitu chenye jina lake. Ataona aibu. Na zile namba zenu zitakuwa takataka."

Nilisimama na ufunguo wa gari mkononi. Mbona rahisi hivyo! Nikamwambia sitamaliza kwa wakati. Akasema tukiwa wawili, siku mbili tatu. Nikamuuliza kwa nini anisaidie, na ile bahasha ameisoma. Akasema yeye alianza kuharibu, ingawa mimi nimemzidi. Hakutabasamu. Lakini alisema "mwanangu".

Nimemwambia Torkel kuna fundi mzee anakuja. Amekubali kabla sijamaliza sentensi.

Alhamisi, 30 Aprili

Valborg. Naandika jikoni ofisini, birika linachemka. Saa mbili na nusu tunaimba penye moto, vijana wa skauti wameshapanga kuni ufukweni.

Tumemaliza! Mchana huu. Inafunguka kwa sekunde mbili, jina la mnunuzi juu kabisa, na tenor anaingia kwa wakati. Siku mbili Sture amekaa kwenye kiti changu na miwani mbili, moja juu ya nyingine, ananiuliza: hii umeiandika ukiwa macho? Sijacheka hivyo ofisini tangu tuanze.

Torkel amempenda mno. Amemletea keki. Sasa hivi ameingia jikoni akaninong'oneza: huyu mzee ni dhahabu, tumpe mkataba kabla hajadakwa na wengine. Halafu, mkono tayari kwenye kitasa: mahakama imekubali, kampuni ya intaneti imeshatoa jina, barua inatufikia Jumatatu.

Nikamwambia Torkel, tuliondoe lile ombi.

"Wapi! Sasa tumeshinda!"

Nikamwambia ngoja, kuna jambo. Akasema mkataba kwanza, mzee anataka kwenda kubadilisha shati. Ameshatoka. Mlango ameuacha wazi.

Sture alilisoma ombi lote. Hajui kwamba ni Jumatatu, lakini anajua jina linalotafutwa ni lake. Angeweza kusema ana haraka, akaondoka.

"Jina kamili, mzee wangu?" anauliza Torkel, kalamu mkononi.

Sture ananitazama mimi, hamtazami yeye. Kisha anamtajia jina la ukoo herufi moja moja, polepole, asikosee.

Torkel anaandika.